Kidoti Anasoma au Amekariri?

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, uliosuguliwa na makalio ya watu mpaka ukang'aa kama uliopakwa vanishi. Kushoto kwake palikuwa na meza ya dobi, kulia jiko la makaa na birika la Bi Kahawa, na hapo katikati walikaa waungwana waliojua kila jambo la dunia isipokuwa saa ya kurudi makwao. Alikuwapo Gazeti, karani mstaafu, ambaye miwani yake ilimfanya aaminiwe hata alipokuwa anakosea. Alikuwapo Breki, fundi pikipiki, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo. Alikuwapo Chapa, mwenye duka la kupiga chapa ng'ambo ya barabara, vidole vyake vyeusi kwa wino mwaka mzima. Na alikuwapo dobi, Pasi, mzee mwembamba ambaye hakukaa kwenye benchi hilo hata siku moja. Yeye alisimama mezani kwake akinyoosha nguo za watu, akitia neno lake pale mvuke ulipompa nafasi.

Alasiri hiyo Pasi aliunguza kola.

Halikuwa doa kubwa, lilikuwa alama ya kahawia kama ukucha wa kidole gumba. Lakini benchi zima lilinyamaza, maana mtu huyu alikuwa amenyoosha mashati ya maharusi na makoti ya marehemu bila hata uzi kulalamika.

— Mzee Pasi, una nini leo? aliuliza Bi Kahawa, birika likiwa hewani.

— Sina kitu.

— Huna kitu na kola imeungua? Sema, bwana. Mficha uchi hazai.

— Wewe Bi Kahawa, huyu ni babu tayari, alisema Breki. Azae nini tena?

Pasi aliweka pasi kwenye kigae chake, akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

— Ni yule mtoto wangu, alisema. Kidoti. Bibi yake ameitwa shuleni leo asubuhi. Wenzake wanapanda darasa la pili, yeye wanataka abaki la kwanza.

Kila mtu pale alimjua Kidoti. Alikuwa mjukuu wa Pasi, mwenye kidoti cheusi shavuni, na tangu wazazi wake waende kutafuta kazi mbali alilelewa na babu na bibi. Mtoto mwenyewe alikuwa mzima na mchangamfu, hodari wa kuruka kamba na kuiga sauti ya kila muuza duka wa mtaa. Ila karibu mwaka mzima, ukimpa kitabu cha kusoma, alikifungua kitabu na kuufunga mdomo. Si kwamba alikataa. Alizitazama zile picha, familia fulani imevaa makoti mazito, theluji dirishani, mti umepambwa sebuleni kwa sikukuu yao, kisha akamwangalia babu yake.

— Babu, hawa wanakaa wapi?

— Mbali, mjukuu wangu. Ni watoto wa watu nao. Soma.

— Wanafanya nini na huo mti ndani?

Na kitabu kilifungwa.

Kisha mwalimu wake wa darasa la kwanza, msichana mdogo tu ambaye bado alitembea kama mwanafunzi aliyechelewa, akaamua kuandika kitabu chake mwenyewe. Alichukua karatasi kubwa, akaandika kwa mkono hadithi ya familia moja ya Kiislamu siku ya Idi, sentensi fupi fupi, kila karatasi na picha yake. Mwezi unaonekana. Nguo zinashonwa. Watu wanakwenda kusali. Alizitundika ukutani, akazisoma na darasa kila asubuhi, na watoto wa kila dini wakazisoma naye kwa sauti ya kuezua bati. Na asubuhi moja, katikati ya kelele hiyo, mdomo wa Kidoti ukafunguka.

— Si ndicho hicho! alisema Chapa, Pasi alipokitaja kitabu cha mwalimu, akaruka benchini kama aliyekaa juu ya kaa la moto. Si ndicho hiki hapa!

Akatoa chini ya kwapa bahasha ya khaki, na ndani ya bahasha kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Shule ilikuwa imempa kazi ya kukichapa, na nakala za kwanza zilikuwa zimetoka mchana huo. Bado zilinukia wino. Mwalimu mwenyewe alikuwa hajaziona.

Pasi alifuta mikono mara mbili kabla ya kukigusa. Jaladani palikuwa na mlango wa nyumba uliofunguliwa, na mtoto wa kike amesimama kizingitini, kama anayemsubiri mgeni. Alikitazama muda mrefu, kisha akakirudisha haraka, kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa wenyewe.

— Kizuri, alisema. Kizuri sana. Lakini ndicho kilichotuletea balaa. Mwalimu mkuu mpya amekuja, akamsikiliza mtoto akiisoma hadithi hii. Kaisoma yote, bila kukwama. Mwalimu mkuu akasema, huyu hasomi, huyu amekariri.

— Yule mkuu mpya? alisema Breki. Aliyehamia juzi? Shule hata milango hajaijua, kazi kumsingizia mtoto!

— Nawe ulishamwona? aliuliza Bi Kahawa.

— Sijamwona, lakini namjua. Wakuu wote ni wamoja. Kichwa kama tangi la petroli, ndani mvuke mtupu.

Gazeti alikikamata kile kitabu, akavuta miwani hadi ncha ya pua na kuanza kugeuza kurasa taratibu, kama hakimu. Wote walimsubiri. Alifika mwisho, akakifunga.

— Nimekisoma chote, herufi kwa herufi, alisema. Kazi safi, Chapa. Hakina kosa. Sasa sikilizeni, mimi nasema kweli hata ikiuma. Yule mkuu ana hoja. Mtoto wa Kiislamu, Idi anaijua tangu tumboni. Ukimwambia mwezi umeonekana, atakumalizia mwenyewe, kesho Idi. Huyo hasomi kitabu. Anasoma kwao.

— Na ubaya wake nini? alisema Bi Kahawa. Mtu aanzie wapi, kwa jirani?

— Ubaya wake ni kwamba kasuku naye anajua kusema karibu, na mlango hafungui!

Breki alicheka, kisha akakumbuka yuko upande wa Pasi, akakunja uso.

— Gazeti, wewe hujui injini, alisema. Pikipiki ikikataa kuwaka unaisukuma. Ikishika moto, inakwenda yenyewe. Hicho kitabu ndicho kilichomsukuma mtoto. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, ndiyo maana mimi nikisukuma nasukuma mbio.

— Hiyo methali inasema kinyume, alisema Chapa.

— Kinyume ndiyo mbele ukigeuka nyuma.

— Mkitaka ukweli, alisema Chapa, siri ni wino. Wino wangu huu una harufu fulani. Ukimfikia mtoto puani unapanda moja kwa moja kichwani, unafungua njia. Mimi mwenyewe tangu nianze kazi hii naota ndoto zenye herufi kubwa.

— Lakini mtoto alisoma karatasi za mwalimu, hata wino wako hajaunusa! alisema Gazeti.

— Basi harufu ilitangulia.

— Ni chakula, alisema Bi Kahawa kwa utulivu, akimimina. Tazameni hapa mwishoni, bibi anapakua sahani ya kwanza anampelekea jirani. Mtoto akiona sahani, macho yanaamka. Akili inakaa tumboni, kichwa ni dirisha lake tu. Weka chakula kila ukurasa, hata mbuzi wangu atasoma.

— Mbuzi wako alishakula risiti zangu, alisema Chapa. Kama ni elimu anayo.

Kicheko kilivuma, na Pasi naye akajilazimisha kutabasamu. Hakuna aliyejua kilichokuwa kikimla. Jioni moja ya wiki hiyo hiyo, Kidoti alikuwa amekaa mkekani na karatasi alizonakiliwa na mwalimu, anamsomea bibi yake. Anafuatisha kwa kidole, sauti imenyooka, na Pasi amekaa mlangoni roho imemjaa furaha. Umeme ukakatika. Nyumba nzima giza. Na mtoto akaendelea kusoma. Akasoma gizani mpaka mwisho wa hadithi, hakukosea neno. Bibi alipiga makofi. Pasi alibaki amekaa pale pale, mikono magotini, furaha yote imemtoka kama hewa kwenye tairi. Jambo hilo hakumwambia mtu. Sasa kila Gazeti aliposema kasuku, Pasi aliliona lile giza tena.

Wakati huo mteja akaja, mwanamume wa makamo, shati la mikono mifupi, koti limekunjwa mkononi.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, karibu, alisema Pasi. Hilo koti nipe, nimalize hii suruali. Keti kidogo. Bi Kahawa, mpe mgeni.

Mgeni akakaa ncha ya benchi, akapokea kikombe, akashukuru. Benchi likampa nukta ya kumpima, likaona ni mtu wa kawaida, likarudi kwenye kazi yake.

— Basi mimi nauliza, alisema Breki, tena kwa sauti ya kumwalika mgeni. Wewe bwana, tuamulie. Mtoto kasoma kitabu kizima, mwalimu mkuu anasema amekariri. Mkuu wa namna hiyo si angepewa kazi ya kuhesabu viti?

Mgeni alikunywa kidogo.

— Huenda alikuwa na sababu, alisema.

— Sababu gani! Wivu tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu mwenyewe asiyesikia je? Huvunjika yote mawili!

— Huyo mtoto, aliuliza mgeni, alikuwa anaangalia wapi aliposoma?

Pasi aliinamia suruali aliyokuwa akiinyoosha. Alijua. Bibi yake Kidoti alikuwa amemwambia: mtoto alisimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, karatasi mikononi, na macho yake yalikuwa yakimfuata mjusi ukutani.

— Mtoto anaweza kuangalia anapotaka, alisema Bi Kahawa. Mimi namimina kahawa naangalia barabara.

— Na unamwaga, alisema Gazeti. Bwana mgeni ameuliza la maana. Ninyi mnapiga kelele kwa sababu mnampenda mtoto. Hata mimi nampenda. Lakini mkimpandisha darasa hajui kusoma, mtampeleka kwenye mto hajui kuogelea, mtapiga makofi ukingoni.

Hilo lilikuwa neno zito, na hata Breki alilipisha. Mgeni alinyoosha mkono akaomba kile kitabu. Akakisoma chote, polepole, akitabasamu hapa na pale, akaafiki kwa kichwa, akakiweka gotini.

— Kitabu kizuri, alisema. Mimi si Mwislamu, ila ningependa kualikwa nyumba hii. Lakini nauliza jambo moja. Tangu nifike mnabishana juu ya mtoto. Mtoto mwenyewe mmemuuliza?

Benchi likatazamana. Gazeti akarekebisha miwani. Chapa akasoma vidole vyake. Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza breki zikashika.

Ndipo Kidoti alipotokea, anakuja mbio kandokando ya mtaro, kandambili mkononi kwa ajili ya kuongeza kasi.

— Babu! Bibi anasema ukirudi upitie mkaa! Na usisahau kama ju...

Akasimama ghafla. Akavaa kandambili, moja, ya pili. Akaunganisha mikono mbele na kumwinamia yule mgeni.

— Shikamoo, mwalimu mkuu.

— Marahaba, mwanangu.

Kikombe cha Breki kilimponyoka, kikabiringika hadi barabarani, na hakuna aliyekifuata. Bi Kahawa aliinama kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri. Breki aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena.

— Mkuu, alisema, vile viti vya kuhesabu... nilikuwa namsema mkuu mwingine.

— Najua, alisema mwalimu mkuu. Wakuu tuko wengi. Keti, fundi, tafadhali.

Kisha akamgeukia Pasi, akasimama kwa heshima.

— Mzee wangu, sikujua kwamba dobi ninayeletewa sifa zake ndiye babu wa mtoto huyu. Samahani. Mimi sina ugomvi naye. Nilimwona akisema maneno mazuri huku akimtazama mjusi, nikaogopa. Nimeshaona watoto wakipandishwa darasa kwa ajili ya sauti nzuri, wakazama huko mbele kimya kimya. Ukikubali, asome hapa, kwenu, bila meza yangu mbele yake. Ukikataa, nachukua koti langu na wala sitakuwa na neno.

Pasi alitazama ile pasi yake. Angeweza kukataa. Angesema mtoto ametumwa, bibi anangoja mkaa, na hakuna ambaye angemlaumu. Mbele ya watu wote hawa, barabarani! Mtoto akishindwa hapa atakuwa ameshindwa mbele ya mtaa mzima, na jina watampa, maana benchi hili halikuwahi kumwacha mtu bila jina. Akamtazama Kidoti. Mtoto alikuwa amekikazia macho kitabu cha kijani gotini mwa mwalimu mkuu.

— Babu, alinong'ona, kile si ndicho chetu? Kimekuwa kitabu?

— Ndicho, mjukuu wangu. Kimekuwa kitabu. Utatusomea?

Kidoti alikipokea kwa mikono miwili. Akakinusa kwanza, na Chapa akamkanyaga Gazeti mguu, kumaanisha, umeona? Akafungua ukurasa wa kwanza. Akainua uso juu, kwenye nyaya za umeme, na sauti ikamtoka imenyooka kama reli:

— Mwezi umeonekana. Kaka anapiga kelele. Kesho Idi! Baba anafagia...

Alikuwa hajafunua hata ukurasa. Gazeti aliangalia chini. Mabega ya mwalimu mkuu yalishuka kidogo, na Pasi aliyaona yakishuka.

Dobi akatoka nyuma ya meza yake. Watu wa benchi walimshangaa, kwani hawakuzoea kumwona ana miguu. Akachuchumaa mbele ya mjukuu wake mpaka nyuso zikalingana.

— Kidoti, alisema. Hiyo uliyosoma iko kichwani mwako, na ni nzuri. Mimi nataka ya kwenye kitabu. Hata ikiwa mbovu. Hata ukikwama. Nisomee ya kwenye kitabu.

— Nikikwama watacheka.

— Atakayecheka namnyoosha na suruali hii.

Mtoto akashusha uso. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Na sauti ile ya reli ikapotea kabisa. Ilitoka sauti nyingine, ndogo, yenye mashimo, inayopanda na kushuka kama mkokoteni kwenye kokoto.

— Mwe-zi... u-me... umeonekana.

Kidole kilisogea mstari wa pili.

— Ka-ka a-na-piga ke... kelele.

Ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, mara kumi mbaya. Alifunua ukurasa. Baba akafagia ua kwa taabu. Jasho likamtoka Kidoti juu ya mdomo. Alifunua tena, kidole kikatambaa.

— Mama a-me-ni-sho-nea... amenishonea nguo... m... mba...

Akasimama. Akarudisha kidole nyuma.

— Mpya, alimsaidia Breki kwa mnong'ono uliosikika hadi sokoni. Nguo mpya!

Kidoti alitikisa kichwa. Akasogeza uso karibu na karatasi, akakunja paji.

— M-ba-ya, alisema. Nguo mbaya.

Gazeti alivuta pumzi kwa meno. Ndiyo basi, lilisema lile benchi bila kusema. Hata hilo analolijua kwa moyo, akilitazama linamtoroka.

— Mjukuu wangu, alisema Gazeti kwa upole wa kweli, ni mpya. Mama amenishonea nguo mpya. Unaijua hii.

— Ninaijua, alisema Kidoti, kidole bado chini ya neno. Ya mwalimu ni mpya. Lakini hapa hawakuandika mpya. Babu, kwa nini mama yake amemshonea nguo mbaya?

Pasi herufi alizijua za kutosha kutenganisha nguo za wateja tu. Alimwinulia macho mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu tayari alikuwa ameinama juu ya bega la mtoto. Alitazama. Akachukua kitabu, akakisogeza kwenye mwanga, akakitazama tena, na midomo yake ikatembea bila sauti. Kisha akakaa chini benchini kama aliyesukumwa.

— Imeandikwa mbaya, alisema.

— Nini?

— Imeandikwa hapa. Mama amenishonea nguo mbaya. Em, be, a, ye, a. Mbaya!

Chapa alikinyakua, akatazama, akapiga kelele ya mtu aliyebanwa kidole na mlango.

— Ile mashine! Ile kompyuta yangu! Nilikosea nikaandika mbya, yenyewe ikajifanya inanisaidia kurekebisha! Mungu wangu, na nimekagua kwa macho haya!

— Na mimi nimekisoma herufi kwa herufi, alisema Gazeti taratibu, na uso wake ulikuwa unabadilika, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

— Mimi pia nimepita hapo sasa hivi, alisema mwalimu mkuu. Nimeona neno mpya. Halipo, na nimeliona! Akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia mbali, kikampanda hadi machoni. Wazee wangu, sisi wote hapa ndio tuliokariri. Aliyesoma ni huyu mmoja tu.

Kisha benchi likalipuka. Breki aliruka juu akapiga honi ya pikipiki ya mteja. Bi Kahawa alipiga kigelegele kirefu mpaka muuza viatu wa upande wa pili akatoka dukani na kiatu kimoja mkononi, akiuliza ni harusi ya nani. Chapa, ambaye kosa lilikuwa lake, alishangilia kuliko wote. Alizunguka akionesha ukurasa kwa wapita njia:

— Tazama! Mbaya! Mimi nimeandika mbaya, mtoto kaisoma mbaya!

Gazeti alivua miwani. Akaifuta, akaivaa, akasimama mbele ya Kidoti, mtu mzima mwenye mvi, akamwamkia kwa kichwa kama anavyoamkiwa bosi.

— Nilisema kasuku, alisema. Kasuku angesema mpya.

Pasi hakushangilia. Alikuwa bado amechuchumaa pale pale, ameshika mikono miwili ya mjukuu wake, na machozi yalimteremka bila yeye kuyajali. Lile giza la jioni ile lilikuwa limewaka taa. Ndiyo, mtoto aliijua hadithi gizani. Aliijua kama mtu anavyoijua nyumba yake, kila mlango na kila kizingiti, na leo mtu amehamisha kiti kimoja tu, na mtoto akakigonga, akakijua.

— Babu, nimekosea? aliuliza Kidoti.

— Hujakosea. Wao ndio waliokosea, na wewe umewakamata.

— Sasa nisome mpya au mbaya?

— Soma kilichoandikwa, alisema mwalimu mkuu. Siku zote soma kilichoandikwa. Kisha sema hakifai, kama hakifai. Maliza, mwanangu, nasi tunasikia. Halafu likizo ikiisha, nenda darasa la pili. Mimi mwenyewe nitakuwa mlangoni.

Akamaliza. Watu walikuwa wameongezeka, muuza viatu na kiatu chake, kina mama wawili na vikapu, fundi saa, dereva aliyezima gari akatoa kichwa. Mkokoteni ule ulipita kwenye kokoto, ukakwama, ukanasuka, ukakwama, na kila ulipokwama midomo ya watu wazima ilijikunja nao, na kila uliponasuka mabega yao yalishuka. Familia ikaenda kusali. Watu wakawa wengi. Babu akamkumbatia mtoto, akamwambia Idi njema. Na Kidoti, aliyekuwa sasa amejua kwamba herufi haziumi, akafika ukurasa wa mwisho akasoma bila mapengo:

— Bibi anapakua sahani ya kwanza. Ni ya jirani. Jirani si Mwislamu. Jirani anacheka. Jirani anakula nasi.

— Jirani huyo ni mimi, alisema Breki, akajifuta uso kwa kitambaa chenye grisi. Wallahi huyo ni mimi.

Makofi yakavuma tena. Bi Kahawa akainua birika kuwamiminia wote, na birika likatoa matone na mashapo tu. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyelalamika.

Kidoti alikifunga kitabu. Akakigeuza, akaangalia mgongo wake, akaifungua ile bahasha ya khaki, akachungulia ndani. Kisha akawainulia uso wote pale, Gazeti, Chapa, Breki, mwalimu mkuu na babu yake.

— Kingine kiko wapi?

Watu walitazamana. Mwalimu mkuu alikohoa. Chapa aligeuka kulitazama duka lake kana kwamba kingine kingeweza kutoka chenyewe mlangoni. Kingine hakikuwapo.

— Tutakiandika! alisema Breki. Cha baba anayemtengenezea mtoto pikipiki siku ya Idi kubwa!

— Cha bibi anayefunga mwezi mzima na kupika kila jioni! alisema Bi Kahawa.

— Mimi nachapa, na safari hii naizima ile kompyuta!

— Kiwe na maneno marefu kidogo, alisema Gazeti. Huyu sasa ni wa darasa la pili.

Wote walizungumza kwa pamoja, mikono hewani, kila mtu na kitabu chake. Pasi alimbeba mjukuu wake akamkalisha juu ya meza ya kunyooshea nguo, kati ya suruali ya mtu na koti la mwalimu mkuu, ili waonane naye vizuri. Kidoti alining'iniza miguu. Akawasikiliza kidogo. Kisha akainua kile kidole chake cha kusomea.

— Mmoja mmoja, alisema.

Nao wakanyamaza, wakaanza kusema mmoja mmoja.